Koleji ya Nchi Gani? Ulinganisho kwa Mwenye Barua ya Udahili Mkononi

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri, alipokea kupitia kwa wakala barua ya udahili kutoka koleji moja ya Uingereza. Ukoo ulikaa kikao, michango ikaanza kukusanywa, na kila aliyetoa fedha aliamini kwamba kijana anakwenda kusoma shahada. Siku tulipoisoma ile barua mstari kwa mstari ndipo tulipogundua kwamba masomo aliyopangiwa yalikuwa ya kiwango kile kile cha kidato cha tano na cha sita, yaani mtoto alikuwa anarudishwa nyuma miaka miwili kwa mamilioni ya shilingi. Barua haikuwa na uongo wowote. Neno koleji lililoandikwa juu yake tulilisoma kwa maana yetu, na wenyewe waliliandika kwa maana yao.

Tangu siku hiyo wazazi wengi wamenijia na barua za namna hiyo, wakiuliza swali lile lile: je, koleji hii ni sekondari, ni chuo cha kati, au ni chuo kikuu? Jibu hutegemea nchi, na ndani ya nchi moja hutegemea aina ya koleji. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi na mzazi wanaosita kati ya kubaki nyumbani na kwenda Uingereza, Marekani, Kanada, Oman au nchi zinazofundisha kwa Kifaransa.

Neno lenyewe

Asili yake ni neno la Kilatini collegium, ambalo zamani halikuwa na maana ya shule bali ya kundi la watu waliounganishwa na kazi au wajibu mmoja. Ndiyo maana makardinali wanaomchagua Papa huitwa kwa jina hilo, na Wamarekani nao huliita hivyo kundi la wajumbe 538 wanaomchagua rais wao. London kuna chama cha kitaaluma cha matabibu kilichoanzishwa mwaka 1518 ambacho hadi leo kinabeba neno hilo katika jina lake. Walimu na wanafunzi walioishi na kusoma pamoja walikuwa kundi mojawapo tu kati ya mengi ya aina hiyo, na kila nchi ililichukua neno na kulifunga kwenye ngazi ya elimu iliyoona inalifaa.

Kiswahili nacho kina safari inayofanana na hiyo. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na ndiyo maana aliyebobea katika elimu ya dini huitwa mwanachuoni. Baadaye neno likahamia mahali kitabu kinaposomewa. Hata leo bibi wa Lamu au wa Unguja akisema mjukuu wake yuko chuoni, huenda anamzungumzia mtoto wa miaka saba aliyeshika juzuu yake mbele ya mwalimu wa Kurani, ilhali mzazi wa Dodoma akisema maneno hayo hayo anamzungumzia kijana wa miaka ishirini anayesubiri mkopo wa serikali. Katika makala haya nitatumia chuo kwa taasisi za kwetu na koleji kwa zile za nje zinazojiita hivyo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vinne kwa kila nchi. Cha kwanza ni nani anayeingia, kwa umri na kwa cheti. Cha pili ni karatasi anayotoka nayo, pamoja na jina la taasisi iliyoandikwa juu ya karatasi hiyo, kwa kuwa mara nyingi anayefundisha siye anayetunuku. Cha tatu ni mlango ambao karatasi hiyo inaufungua, iwe ni kuendelea na masomo au kuajiriwa. Cha nne ni namna inavyohesabiwa mtu akirudi nyumbani. Ada sikuiweka kuwa kigezo, si kwa kuidharau, bali kwa sababu hubadilika kila mwaka na kila koleji, na isitoshe ada ndogo kwa karatasi isiyokufaa ni hasara kubwa kuliko ada kubwa kwa karatasi unayoihitaji.

Nyumbani: Tanzania, Kenya na Uganda

Ninaanza na kwetu kwa sababu hapa ndipo kipimo cha wasomaji wengi kilipo. Kiswahili cha Tanzania kimetusaidia sana kwa kutenganisha mambo ambayo Kiingereza kinayaita kwa neno moja. Tuna chuo cha ufundi stadi, chuo cha kati kinachotoa astashahada na stashahada, chuo kikuu, chuo kikuu kishiriki, na ndaki iliyomo ndani ya chuo kikuu. Kwa Kiingereza, vinne kati ya hivyo vinaweza kuitwa koleji bila kosa lolote.

Anayeingia chuo cha kati anaweza kuwa amemaliza kidato cha nne, na kutoka hapo husoma takriban miaka mitatu, akipanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, hadi kupata stashahada. Mlango hauishii hapo, kwa kuwa mwenye stashahada iliyofikia wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada katika chuo kikuu, ingawa kozi nyingine hudai zaidi. Hii ni njia ambayo wazazi wengi huidharau bila sababu ya msingi. Jambo la kuangalia ni kwamba jina halitoshi hata hapa kwetu: Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965 na ambacho jina lake la Kiingereza ni la koleji, kinatoa shahada.

Chuo kikuu kishiriki kinahitaji maelezo yake. Mkwawa kule Iringa na DUCE, chuo cha elimu kilichopo Chang'ombe, ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, na mhitimu wao hutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango huu ni wa zamani. Dar es Salaam yenyewe ilianza mwezi Oktoba 1961 ikiwa koleji ya Chuo Kikuu cha London, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi mwaka 1963, na ikasimama peke yake mwaka 1970. Wahitimu wa mwanzo walikaa Dar es Salaam na kupokea shahada za London, na hakuna aliyesema kwamba shahada zao ni za chuo cha kati.

Nchini Kenya, anayesema kijana wake yuko koleji kwa kawaida ana maana ya chuo cha kadri, au chuo anuwai, mahali pa cheti na stashahada, na hutofautisha wazi na chuo kikuu, ambacho kwa njia ya kawaida huhitaji alama ya C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Uganda mambo yamegeuka tena, kwa sababu neno hilo limeandikwa juu ya lango la shule za sekondari: Namilyango College ya mwaka 1902 na King's College Budo ya mwaka 1906 ni sekondari, tena zenye heshima kubwa, huku Chuo Kikuu cha Makerere nacho kikiwa kimegawanywa ndani yake katika koleji. Maisha ya Mwalimu Nyerere yalipita katika maana zote mbili. Makerere aliyosoma kati ya mwaka 1943 na 1945 ilikuwa koleji iliyompa stashahada ya ualimu, na Pugu alikofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh, mahali palipoitwa St. Francis College, ilikuwa shule ya sekondari.

Chuo cha kati cha nyumbani kinamfaa mtu anayetaka ujuzi wa kazi mapema, mwenye bajeti ndogo, na asiyetaka kuufunga mlango wa shahada. Hakimfai sana yule ambaye tayari ana alama za kumwingiza chuo kikuu moja kwa moja, isipokuwa kama fani anayoitaka, kama vile tiba ya ngazi ya kati, inafundishwa vizuri zaidi huko.

Uingereza

Uingereza ndiko neno hili lilikochanganyika kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Koleji ambayo Mwingereza wa kawaida anaifikiria kwanza ni ya vijana wa miaka 16 hadi 18. Mtoto amemaliza mitihani ya GCSE, ambayo ni kama kidato cha nne chetu, kisha anakwenda koleji ya kidato cha sita kusoma A-level kwa miaka miwili, kwa kawaida masomo matatu. Pembeni yake iko koleji ya ufundi na elimu ya ziada, inayofundisha sifa za kikazi ziitwazo BTEC, na tangu mwaka 2020 sifa mpya za ufundi ziitwazo T Level, na ambayo pia hupokea watu wazima wanaotaka kujifunza useremala, upishi, uuguzi wa awali au Kiingereza. Karatasi inayotoka katika koleji hizi kwa kijana wa umri huo ni ya sekondari ya juu, na mlango inaoufungua ni wa chuo kikuu au wa kazi ya ufundi. Barua ya mpwa wangu ilitoka katika koleji ya namna hii.

Lakini hizo hizo koleji za ufundi mara nyingi zina ghorofa ya juu. Hutoa HND, tuzo ya miaka miwili iliyo chini ya shahada kwa hatua moja, na mwenye nayo anaweza kuongeza mwaka mmoja au zaidi chuo kikuu na kupata shahada. Nyingine hufundisha hata shahada kamili kwa mkataba na chuo kikuu fulani, na hapo jina litakalosomeka juu ya cheti ni la chuo kikuu hicho. Mwombaji asipouliza jina hilo kabla ya kulipa, atakuja kuulizwa yeye na mwajiri.

Kuna koleji za Oxford na Cambridge, ambazo ni jambo jingine kabisa. Kila moja kati ya vyuo vikuu hivyo viwili ina koleji zaidi ya 30, na koleji ni nyumba ya mwanafunzi: anaishi humo, anakula humo, na hufundishwa humo katika vikundi vidogo vya mtu mmoja, wawili au watatu. Mihadhara na mitihani husimamiwa na chuo kikuu, na shahada hutunukiwa na chuo kikuu. Aliyekubaliwa na koleji ya Oxford amekubaliwa na Oxford, na asiogopeshwe na neno.

Hatimaye ziko taasisi ambazo ni vyuo vikuu kamili ila hazikuliacha jina: King's College London, iliyoanzishwa mwaka 1829, na Imperial College London, iliyojitoa katika Chuo Kikuu cha London mwaka 2007 na kutunuku shahada zake yenyewe. Na kwa upande mwingine wa ngazi iko Eton College ya mwaka 1440, ambayo ni shule ya sekondari ya wavulana. Kwa neno moja hilo hilo unaweza kumpeleka mtoto wa miaka 13 au mtafiti wa shahada ya uzamivu.

Ukirudi nyumbani, matokeo ya A-level yatahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani, na shahada itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa utambuzi. Kwa Wakenya kazi hizo ziko kwa KNEC (baraza lao la mitihani), Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KNQA (mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma), kulingana na ngazi.

Inamfaa nani? Hapa ninatofautisha kati ya Mtanzania na Mkenya. Mtanzania aliyemaliza kidato cha sita tayari amefika ngazi ambayo vyuo vikuu vingi vya Uingereza huitazama kwa jicho la A-level, kwa hiyo koleji ya kidato cha sita kwake ni kurudia, isipokuwa kama alama zake hazikutosha au anabadilisha mchepuo. Mkenya mwenye KCSE yuko katika hali tofauti, kwa kuwa vyuo vikuu vingi vya huko humtaka apitie mwaka wa msingi, yaani wa maandalizi kabla ya shahada, au A-level kwanza, na kwake koleji hiyo inaweza kuwa daraja halali. Mtoto wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha nne naye huenda ikamfaa, mradi ukoo ujue kwamba unalipia miaka miwili ya sekondari na bado miaka mitatu ya shahada iko mbele.

Marekani

Mmarekani akisimulia mambo ya alipokuwa koleji, msikilizaji hawezi kujua kama alisoma Harvard au chuo kidogo cha wilaya yake, kwa sababu kwao neno hilo limemeza elimu yote ya baada ya sekondari hadi shahada ya kwanza. Harvard yenyewe ilianza kama koleji mwaka 1636, na hadi leo sehemu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza inaitwa Harvard College. Dartmouth College inatoa hata shahada za uzamivu na haijataka kubadilisha jina.

Kwa msomaji wetu zipo aina mbili za kutofautisha. Ya kwanza ni koleji ya miaka minne. Nyingi ni ndogo, zina wanafunzi mia kadhaa au elfu chache, hazina shahada za juu au zina chache, na hujivunia kwamba profesa anamjua mwanafunzi kwa jina. Hutoa shahada ya kwanza kamili ya takriban krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), kwa jina lao wenyewe. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki asizidharau kwa kuwa hazina neno chuo kikuu. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipopanga safari ya ndege ya mwaka 1959 iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Kenya, wengi walikwenda katika koleji za namna hii. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960 katika mkondo huo huo, alisoma biolojia katika koleji ya kitawa ya Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964, na shahada hiyo ikamwingiza moja kwa moja katika uzamili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Berea College ya Kentucky, ya mwaka 1855, haiwatozi wanafunzi wake ada ya masomo, ila huwapangia kazi ndani ya koleji, na ushindani wa kuingia ni mkali.

Aina ya pili ni koleji ya jamii, ya miaka miwili, ambayo mtangulizi wake ilikuwa Joliet Junior College ya Illinois mwaka 1901. Anayeingia ni mtu yeyote aliyemaliza sekondari, awe na miaka 18 au 50, kwa sababu nyingi hazichuji sana. Anayetoka hupata tuzo iitwayo Associate, ya takriban krediti 60, ambayo kwa hesabu yetu iko karibu zaidi na stashahada kuliko shahada, ingawa Wamarekani wameipa jina la shahada. Mlango wake mzuri ni kuhamia chuo kikuu na kumalizia miaka miwili iliyobaki, na cheti cha mwisho kitabeba jina la chuo kikuu hicho.

Hapo ndipo penye mtego ambao nimeona vijana wakinaswa. Tuzo ya Associate ya sayansi au ya sanaa imeundwa kwa ajili ya kuhama, lakini ile ya sayansi tumizi imeundwa kwa ajili ya kazi, na krediti zake nyingi zinaweza kukataliwa na chuo kikuu. Kijana mmoja niliyemsaidia kuandika barua zake alipoteza karibu mwaka mzima kwa namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, omba koleji ikuonyeshe mkataba wake wa uhamisho na chuo kikuu unachokilenga, kozi kwa kozi. Uliza pia juu ya ithibati na jina la chombo kilichoitoa, kwa kuwa Marekani hakuna wizara moja inayotoa leseni kwa vyuo vyote kama tulivyozoea, na wauzaji wa vyeti hujificha katika nafasi hiyo. Nyingi ya koleji za jamii hazina mabweni, jambo ambalo hubadilisha bajeti yote.

Koleji ya miaka minne inamfaa mwenye alama nzuri, anayependa kuchelewa kuchagua fani, na anayetafuta ufadhili. Koleji ya jamii inamfaa zaidi mwenye ndugu wa karibu wa kuishi naye na mwenye nidhamu ya kufuata mpango wa kuhama. Mhitimu wa KCSE, aliyesoma miaka 12, huingia katika zote mbili bila kupitia mwaka wa msingi. Nyumbani, shahada ya miaka minne yenye ithibati haisumbui; tuzo ya Associate ikiletwa peke yake hupimwa kama kitu cha chini ya shahada, na anayeileta asitarajie vingine.

Kanada

Kanada imechora mstari ulio wazi kuliko Marekani. Kwa Kiingereza cha huko, koleji ni mahali pa ujuzi wa kazi na chuo kikuu ni mahali pa shahada, na Mkanada anayejibu kwamba anasoma koleji hatamaanisha kamwe Toronto au McGill. Ontario iliunda koleji zake za umma kwa sheria ya mwaka 1965. Anayeingia amemaliza sekondari; anatoka na diploma ya miaka miwili, au ya juu ya miaka mitatu, au cheti cha mwaka mmoja kilichotengenezwa kwa watu ambao tayari wana shahada. Baadhi ya koleji siku hizi hutoa shahada katika fani chache. Na hapa pia kuna kinachovunja kanuni: Chuo Kikuu cha Toronto kina koleji ndani yake, kama Trinity na Victoria, kwa mtindo wa Oxford.

Cheti kile cha mwaka mmoja cha baada ya shahada kinahitaji uangalifu, kwa sababu mawakala hukiuza kana kwamba ni uzamili. Si uzamili. Ni mafunzo ya kazi, mazuri kwa anayetaka kuajiriwa huko, lakini mhadhiri msaidizi wa kwetu anayehitaji kupandishwa cheo hatapandishwa kwacho. Masharti ya kibali cha kufanya kazi baada ya masomo nayo yanatofautiana kati ya koleji na chuo kikuu, na kati ya koleji ya umma na ya binafsi, tena hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo yasomwe katika tovuti ya serikali ya Kanada na si katika kipeperushi cha wakala.

Québec ni ulimwengu mwingine. Huko sekondari huisha darasa la 11, kisha kijana huingia CEGEP, koleji za umma zilizoanzishwa mwaka 1967, kwa miaka miwili kama anaelekea chuo kikuu au mitatu kama anachukua ufundi. Ile ya miaka miwili inafanana sana na kidato cha tano na cha sita vyetu, na shahada inayofuata ni ya miaka mitatu kama ya kwetu. Mkongo au Mrundi aliyehamia Montréal asishangae mwanawe wa miaka 17 akisema anakwenda koleji.

Koleji ya Kanada inamfaa anayejua kazi anayoitaka na anayeridhika na diploma, au mwenye shahada anayetaka kubadilisha kazi. Anayetaka shahada aende chuo kikuu tangu mwanzo, isipokuwa pale ambapo jimbo, kama British Columbia, limejenga mfumo thabiti wa kuhamisha krediti.

Nchi za Kifaransa: Ufaransa, Kongo na Burundi

Kwa Mfaransa, koleji ni shule ya watoto wa miaka 11 hadi 15, madarasa manne kati ya shule ya msingi na lisee, yaani sekondari ya juu, na karatasi yake ni cheti kidogo cha brevet. Hakuna mtu mzima anayeomba udahili huko. Taasisi moja tu inavunja kanuni: Collège de France ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1530, ambako wasomi wakubwa hufundisha bure kwa yeyote anayeingia, na hakuna cheti kinachotolewa. Anayetaka kitu kinacholingana na chuo cha kati atafute tuzo za miaka miwili za BTS, ambazo, ajabu, mara nyingi hufundishwa ndani ya majengo ya lisee.

Kongo ilirithi neno hili kutoka Ubelgiji, ambako shule za Kikatoliki za sekondari nzima huitwa koleji. Kwa hiyo Collège Alfajiri ya Bukavu, shule ya Wajesuiti yenye jina la Kiswahili, humfikisha mwanafunzi hadi mtihani wa serikali na diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, huku ile ya Ufaransa ikimwacha akiwa na miaka 15. Burundi nayo ilikuwa na koleji za wilaya zilizoishia darasa la kumi. Elimu ya juu ya Kongo iko katika vyuo vikuu na katika taasisi za juu za ualimu, tiba au biashara, na si katika kitu kiitwacho koleji.

Jambo hili huwaumiza zaidi Wakongo waliopelekwa kuishi Marekani au Kanada. Fomu inauliza kama mtu amesoma koleji. Naye, aliyesoma miaka sita katika koleji ya Bukavu au Goma, anajibu kwa ukweli wake kwamba ndiyo. Afisa anasoma kwamba mtu huyu ana elimu ya chuo kikuu, na vyeti vikifika anaonekana kama aliyedanganya. Ushauri wangu ni kuandika jina la cheti, diploma ya serikali, na idadi ya miaka, na kuliacha jina la shule kama jina tu.

Oman

Nitapita haraka. Kwa Kiarabu neno ni kulliya, na lina maana mbili: kitivo ndani ya chuo kikuu, kama zilivyo kulliya za Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa mwaka 1986, na taasisi inayojitegemea. Koleji za teknolojia za serikali ziliunganishwa mwaka 2020 kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, hivyo mwenye cheti cha zamani aeleze jina la sasa. Anayeingia amemaliza sekondari na mara nyingi huanza na programu ya msingi ya Kiingereza na hisabati. Inawafaa wenye jamaa Muscat, ambao si wachache Unguja na Pemba, mradi waulize kama wanaingia stashahada au shahada.

Kulingana na hali yako

Ikiwa umemaliza kidato cha sita na una alama za kuingia chuo kikuu, koleji ya miaka minne ya Marekani au chuo kikuu cha Uingereza chenye jina la koleji ni hatua mbele. Koleji ya A-level ni hatua nyuma.

Ikiwa una KCSE, Marekani inakupokea moja kwa moja na Uingereza huenda ikakutaka upite daraja. Linganisha gharama ya mwaka huo wa ziada na kuanzia Kenya kisha kwenda nje kwa uzamili.

Ikiwa umemaliza kidato cha nne na ukoo unataka uende nje, jiulizeni kwanza kama stashahada ya nyumbani haifikishi mahali hapo hapo. Ikiwa lengo ni ufundi na kuhamia huko, koleji ya umma ya Kanada ina nguvu, lakini ikiwa lengo ni kurudi na kuajiriwa serikalini, anza na NACTVET.

Ikiwa tayari una shahada, jihadhari na cheti cha mwaka mmoja kinachoitwa uzamili na aliyekileta.

Na ikiwa bado umeshika barua usiyoielewa, iandikie koleji yenyewe, si wakala, uulize mambo matatu: jina kamili la cheti nitakachopewa ni lipi, taasisi gani itakayoandikwa kuwa ndiyo iliyokitunuku, na nikikimaliza nitakuwa na sifa ya kuomba nini. Mpwa wangu aliuliza hivyo, akajibiwa kwa adabu ndani ya siku mbili kwamba ni A-level. Michango ilirudishwa kwa waliochanga, na mwezi Oktoba akaanza mwaka wa kwanza DUCE.